Upanga na Uganga: Mwongozo Kamili wa Kumjenga Mpiganaji Anayetamka, Kutoka Karatasi Tupu Hadi Levo ya 8

Mpiganaji wangu wa kwanza mwenye uganga, mhusika wa karatasi katika mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, alikufa katika mzunguko wa tatu wa pambano lake la kwanza, na nafasi zake mbili za uganga hakuzigusa. Tulikuwa barazani kwa binamu yangu, Shangani hapa Mtwara, Jumamosi baada ya magharibi, karatasi zimekandamizwa kwa vikombe vya chai ili upepo wa bahari usizipeperushe. Zimwi lilinipiga rungu, nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Najikinga kwa uganga." Msimulizi akaitazama karatasi yangu. Upanga mkono wa kulia, ngao mkono wa kushoto. Akauliza, "Kwa mkono upi?"

Sikuwa na mkono. Uganga ule unataka mkono mmoja mtupu wa kuchora ishara hewani, na mimi wiki nzima nilikuwa nahesabu ukali wa upanga, sikuhesabu mikono. Tangu siku hiyo nimejenga wapiganaji wa aina hii mara nyingi, wangu na wa wenzangu, na wanaokufa mapema hawafi kwa unyonge. Wanakufa kwa kuwa na mambo mengi mazuri yanayogombea mkono uleule na zamu ileile. Kwa hiyo hapa nitakujengea mhusika kwa kufuata mikono na zamu, si kwa kufuata orodha ya uwezo unaovutia macho.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za mwaka 2014, kwa sababu ndizo meza nyingi bado zinatumia, yetu ikiwemo. Kitabuni mhusika huyu anaitwa Eldritch Knight, tawi mojawapo la fani ya mpiganaji. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2024, na pale zinapotofautiana kwa jambo kubwa nitakuonyesha.

Kwanza tuelewane kwa maneno

Mezani kwetu hatusemi "mchawi". Tulisema mara moja. Bibi yake binamu alikuwa anapita na ndoo, akasikia kijana wa watu anatangaza, "Mimi ni mchawi wa levo ya tatu," akasimama, akaweka ndoo chini. Ilituchukua nusu saa kueleza. Huku kusini mchawi ni mtu anayeroga jirani, si msomi mwenye joho. Kwa hiyo tunasema uganga, na kila uganga mmojammoja ni tamko. Matamko madogo ni yale unayoyafanya bila kikomo. Makubwa yanakula nafasi, na nafasi ni chache. Uganga wa kujikinga tunauita kago, kwa sababu kila mtu anajua kago la shambani: halimshambulii mtu, linakaa kimya mpaka mwizi aguse.

Yaliyobaki ni mepesi. Msimulizi ndiye anayeendesha hadithi. Kinga ni namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ya pande 20 ili akupige. Uhai ni damu yako. Sifa sita za mwili na akili ni Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba, na kila sifa inatoa nyongeza: 10 haitoi kitu, 12 inatoa +1, 14 inatoa +2, 16 inatoa +3, ikiendelea hivyo.

Vifaa

Kanuni za msingi zinapatikana bure kihalali. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliachia waraka wa kanuni za toleo la tano kwa leseni huria ya Creative Commons, na ni faili la kurasa kama 400. Usiende stationari kuchapa lote. Chapa kurasa za mpiganaji, za mapambano, na za matamko utakayochagua. Tatizo ni kwamba waraka huo wa bure una tawi moja tu la mpiganaji, nalo si hili letu. Utahitaji kitabu kamili cha wachezaji, chako au cha mwenzako. Mwenye kanuni za bure tu asikate tamaa. Nimemwekea njia yake huko chini.

Dadu za pande nyingi sijawahi kuziona dukani hapa mjini. Programu ya dadu kwenye simu inatosha. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, kata vikaratasi 20, andika namba, tia kwenye kofia, chomoa kimoja na ukirudishe kabla ya mwingine kuchomoa. Usipokirudisha, hesabu yote ya bahati inaharibika, na kuna watu mezani wanalijua hilo na watanyamaza.

Hatua ya 1: jua zamu ina vyumba vitatu

Kabla ya kuandika jina, chora vyumba vitatu juu ya karatasi yako. Cha kwanza ni tendo: jambo kubwa moja katika zamu yako. Cha pili ni tendo la ziada: jambo dogo, kama unalo. Cha tatu ni mwitiko: jambo moja unaloweza kufanya katika zamu ya mtu mwingine, halafu basi mpaka zamu yako irudi.

Kila uwezo utakaoupata unaingia katika chumba kimojawapo. Mchezaji mgeni hujaza chumba cha kwanza vitu sita: kukata upanga, kurusha moto, kulaza maadui, kujipaka dawa. Akifika zamuni anafanya kimoja, vile vitano vingine vinamtazama tu. Mhusika wetu atakuwa na upanga chumba cha kwanza na kago chumba cha tatu. Chumba cha pili kitakuwa na vitu vya mara mojamoja tu kwa muda, hakuna ubaya, kitajazwa levo ya 7.

Hapo ndipo unapoelewa kwamba huyu ni mpiganaji kwanza. Uganga wake unapanda polepole sana, theluthi moja ya mwendo wa msomi kamili, yaani fani ya uganga mtupu (Wizard). Ukitaka kuunguza kijiji, cheza msomi. Huyu kazi yake ni kusimama mlangoni na asitoke.

Hatua ya 2: namba sita

Tumia seti ya kawaida: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Mfano wetu ni mwanamke wa bandari ya kubuni tuliyoichora kwa kuiangalia Mikindani, anaitwa Sijali. Ni binadamu wa kawaida, na kwa kanuni za 2014 binadamu anaongezewa 1 kila sifa.

Nguvu 15 inakuwa 16. Ustahimilivu 14 unakuwa 15. Akili 13 inakuwa 14. Busara 12 inakuwa 13, Wepesi 10 unakuwa 11, Haiba 8 inakuwa 9. Sijali hana maneno matamu, na kwa jina lile hakuna aliyetegemea.

Watu watakubishia kuhusu Akili. Watasema iwe juu, si ndiyo sifa ya uganga? Ndiyo, lakini angalia inatumika wapi. Akili inaingia pale unapolenga adui kwa tamko, au adui anapojaribu kuokoka na tamko lako. Ukichagua matamko yasiyouliza Akili, na tutayachagua hayo, 14 inakutosha hadi uzeeni. Kago halijali kama una Akili 8 au 20. Linaongeza kinga kwa 5 vilevile. Mwenzetu mmoja aliweka Akili 16 na Nguvu 14. Levo tatu nzima upanga wake ulikuwa unakata hewa.

Katika kanuni za 2024 nyongeza hizi zinatoka kwenye asili ya mhusika, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya safari, badala ya kabila lake. Mgawanyo ubaki uleule.

Hatua ya 3: levo ya 1 na ya 2, haraka

Uhai wa kuanzia ni 10 na nyongeza ya Ustahimilivu, yaani 12. Kila levo baadaye, ukichukua namba ya wastani, unaongeza 6 na 2. Levo ya 3 utakuwa na 28.

Mtindo wa kupigana: chukua ule wa kujihami, unaoongeza 1 kwenye kinga ukiwa umevaa deraya. Mtindo wa upanga mmoja unaoongeza 2 kwenye madhara ni mzuri, lakini unakulazimisha usishike upanga kwa mikono miwili, na wewe utahitaji kufanya hivyo kwa levo mbili tatu.

Vaa deraya ya minyororo. Inakupa kinga 16 na inataka Nguvu 13, unayo. Ina uzito wa ratili 55, kama kilo 25, nusu ya mfuko wa saruji. Ukivuka mto ukiwa umeivaa, mwambie msimulizi mapema kwamba unaivua, asije akakukumbusha mwenyewe.

Levo ya 1 unapata pumzi ya pili: tendo la ziada linalokurudishia uhai, dadu ya pande 10 na levo yako, mara moja kati ya mapumziko. Levo ya 2 unapata tendo la nyongeza kwa zamu moja. Usilitumie mzunguko wa kwanza kwa papara. Libakize kwa ile zamu ambayo adui mkubwa yuko mbele yako na mwenzako yuko chini.

Hatua ya 4: mikono

Hapa ndipo nilipofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Matamko mengi yanataka sauti na ishara ya mkono. Kago, ambalo kitabuni limeandikwa Shield, linataka vyote viwili. Ukiwa na upanga na ngao huna mkono wa ishara. Unaweza kuuangusha upanga katika zamu yako, lakini kago linafanywa katika zamu ya adui, na wakati huo mikono yako iko vile ulivyoiacha.

Jibu la bei rahisi, linalofanya kazi tangu levo ya 3: acha ngao nyumbani. Shika upanga mrefu kwa mikono miwili. Madhara yake yanapanda kutoka dadu ya pande 8 hadi ya pande 10, na ukimaliza kukata unauachia mkono mmoja, upanga unabaki katika mkono wa pili. Kuachia hakuna gharama. Mkono wa ishara unao.

Angalia hesabu. Bila ngao kinga yako ni 17: deraya 16 na mtindo 1. Zimwi linaongeza 6 kwenye dadu yake, kwa hiyo linakupiga likipata 11 au zaidi, mara 10 kati ya 20. Ukiita kago kinga inakuwa 22, nalo linahitaji 16: mara 5 kati ya 20. Na uzuri wa kago ni kwamba unaliita baada ya kusikia umepigwa, pigo lile lile likiwemo, na linakaa mpaka mwanzo wa zamu yako. Kwa hiyo kubalianeni na msimulizi atangaze jumla ya pigo. Akisema 24, nyamaza, 22 haikuokoi. Akisema 19, liite.

Jibu la pili ni kipaji, uwezo maalumu unaouchukua badala ya kupandisha sifa: kile cha mganga wa vitani, War Caster, ambacho utakichukua levo ya 4 kama msimulizi anaruhusu vipaji. Kinakuruhusu kufanya ishara hata mikono ikiwa imejaa silaha na ngao. Hapo ndipo unapoifuata ngao nyumbani. Kinga inakuwa 19, na kwa kago 24. Zimwi lilelile sasa linahitaji 18, mara 3 kati ya 20. Kibwengo wa kawaida, anayeongeza 4, anahitaji 20 kamili.

Kipaji hicho kina faida ya pili. Baadhi ya matamko yanadumu kwa sharti la umakini. Ukipigwa lazima ujaribu kutoyapoteza, kwa dadu na nyongeza ya Ustahimilivu, dhidi ya 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa. Mpiganaji ana ujuzi katika jaribio hilo, nyongeza ya 2 juu ya ile ya Ustahimilivu, kwa hiyo mwanzoni unaongeza 4 na unafaulu mara 15 kati ya 20 dhidi ya 10. War Caster inakupa dadu mbili uchukue kubwa: unashindwa mara moja tu kati ya 16. Msomi kamili angeuza fimbo yake kupata hiyo.

Hatua ya 5: levo ya 3, uganga unaanza

Unahitaji alama 900 za uzoefu kufika hapa, na wasimulizi wengi wenye huruma wanaanzisha mchezo moja kwa moja levo ya 3. Unapata matamko madogo mawili, makubwa matatu, na nafasi mbili. Nafasi zinarudi baada ya kulala usiku mzima tu. Mbili kwa siku. Iandike namba hiyo kwa wino mwekundu.

Kati ya matamko makubwa matatu, mawili lazima yatoke katika kundi la makago au kundi la mapigo. La tatu ni huru. Kanuni za 2024 ziliondoa kizuizi hicho, lakini mimi ningechagua vilevile.

La kwanza ni kago lenyewe. Hakuna mjadala.

La pili, mishale ya uganga, Magic Missile. Inarusha mishale mitatu, kila mmoja dadu ya pande 4 na 1, na haikosi. Hairushiwi dadu ya kulenga, haiulizi Akili. Wastani wake ni 10.5, si mwingi, lakini ni dawa ya yule adui mwenye damu kidogo anayekimbia kwenda kuita wenzake. Kama hadithi yenu imejaa mizimu na mashetani, weka badala yake kago la kujikinga na viumbe wa namna hiyo.

La tatu, huru: mwite mnyama wa kukufuata, Find Familiar. Linachukua saa nzima na vifaa vya dhahabu 10, kwa hiyo ni la asubuhi. Mnyama hawezi kushambulia, ila anaweza kukusaidia: anamsumbua adui, nawe pigo lako linalofuata unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Anayefaa zaidi kwa kanuni ni bundi, kwa sababu anapita juu ya adui na kuondoka bila kupigwa. Ila sasa jaribu kutua bundi barazani Mtwara. Wenzangu walikataa katakata, wakasema uchuro huo usiingie hata kwenye karatasi. Sijali ana kunguru. Kunguru hana ule ujanja wa kupita bila kupigwa, kwa hiyo anakufa mara kwa mara, na anaitwa tena kwa dhahabu 10. Tumekubali gharama.

Unaona nilichokiacha. Sijachagua tamko lolote linalompa adui jaribio la kuokoka. Kizingiti chako, namba ambayo adui lazima aifikie ili aokoke, levo ya 3 ni 8, na ujuzi 2, na Akili 2: jumla 12. Maadui wengi wanakiruka. Tamko la kumrubuni mtu, tamko la kucheka hovyo, yote matamu kusoma, yatakula nafasi moja kati ya mbili ulizonazo na kukurudishia aibu.

Matamko madogo: moja la mbali, cheche ya moto, inayofika mita 36 hivi, na la pili, ukiwa na kitabu cha nyongeza chenye Booming Blade, chukua hilo. Ni pigo la upanga lenye mngurumo ndani yake, na litakuwa muhimu levo ya 7. Huna kitabu hicho? Chukua tamko la mwanga au la mkono wa mbali, utalitumia kila siku kwa mambo ya kawaida.

Lakini levo ya 3 usirushe cheche adui akiwa karibu. Cheche ni dadu moja ya pande 10, wastani 5.5, unalenga kwa +4. Upanga kwa mikono miwili ni wastani 8.5, unalenga kwa +5. Upanga unashinda kila upande. Tena ukirusha kitu cha mbali adui akiwa puani mwako, unarusha dadu mbili na kuchukua ndogo.

Levo hii hii unapata kiapo cha silaha. Kwa saa moja unafunga undugu na silaha, hadi mbili. Hunyang'anywi ukiwa na fahamu zako, na ukiwa mbali nayo unaiita mkononi kwa tendo la ziada. Wengi wanaiona ya mapambo. Funga kiapo na upanga, halafu na mkuki. Mkuki unaurusha mita 6 bila shida, unamchoma mtu, kisha unauita urudi. Chumba cha pili kimepata kazi. Na ukikamatwa ukavuliwa silaha getini, unaingia mikono mitupu, unatabasamu.

Hatua ya 6: levo ya 4 hadi ya 8

Levo ya 4 chukua War Caster, na nafasi ya tatu ya uganga inaongezeka. Msimulizi akikataa vipaji, panda Nguvu hadi 18 na uendelee na mikono miwili bila ngao. Mhusika bado mzima.

Levo ya 5 unapata pigo la pili katika tendo lilelile. Hii ndiyo levo ambayo watu wanajisahau. Mapigo mawili ya upanga kwa Nguvu 16, sasa kwa mkono mmoja na ngao, ni wastani wa 15. Cheche imekua dadu mbili za pande 10, wastani 11. Bado upanga.

Levo ya 6 Nguvu 18. Usishawishike na Akili.

Levo ya 7 mambo yanageuka. Nafasi zinakuwa nne za daraja la kwanza na mbili za daraja la pili, la matamko yenye nguvu zaidi. Na unapata uganga wa vitani: ukitumia tendo lako kufanya tamko dogo, unapiga pigo moja la upanga kwa tendo la ziada. Sasa hesabu tena, kila pigo likigonga. Mapigo mawili ya kawaida ni 17. Upanga wenye mngurumo ni 8.5 na dadu ya pande 8 juu yake, kisha upanga wa ziada 8.5: jumla 21.5. Na aliyepigwa mngurumo akihama kwa hiari yake anaumia tena kwa dadu mbili za pande 8. Wewe uliyesimama mlangoni umempa adui chaguo la kubaki akatwe au aondoke aungue. Katika kanuni za 2024 uwezo huu umebadilika: unabadilisha pigo moja kati ya mapigo yako kwa tamko dogo, na tendo la ziada linabaki huru. Ni bora zaidi.

Ila kila kitu kina kikomo chake. Levo ya 11 unapata pigo la tatu, na kwa Nguvu 20 mapigo matatu ni 28.5, wakati mngurumo na upanga wa ziada ni 28. Zimelingana. Hapo mngurumo unautumia tu unapotaka adui asihame.

Levo ya 8 Nguvu 20, na tamko moja la kundi lolote. Chagua kati ya vivuli vyako vitatu vinavyopoteza mapigo, ambavyo havidai umakini, na kuruka ghafla mita 9 kwa tendo la ziada. Ninachukua la kuruka. Mtu wa deraya anayetokea nyuma ya mpiga mishale ni jambo ambalo wasimulizi hawalitegemei, hata uwafanyie mara ya kumi.

Kama una kanuni za bure tu

Anza mpiganaji levo mbili, kisha ingia fani ya msomi. Unahitaji Nguvu na Akili zote zisipungue 13, na namba za Sijali zinafaa. Lazima uanze na mpiganaji, si kinyume chake, ili upate deraya nzito na ujuzi wa Ustahimilivu. Kago, mishale na mnyama wa kufuata vyote vimo katika waraka wa bure. Jumla ya levo 7 utakuwa na nafasi nyingi kuliko Sijali na utafika daraja la tatu la matamko, moto mkubwa ukiwemo. Utakosa pigo la pili, na uhai wako utakuwa mdogo. Ni mganga aliyevaa chuma, mtu mwingine kabisa. Na tatizo la mikono analo vilevile.

Roho yake

Namba zikishakaa, mpe sababu. Mpiganaji mwenye dawa mwilini si mgeni wa kuagizwa kutoka Ulaya. Fumo Liyongo wa masimulizi ya pwani alikuwa shujaa na malenga, na chuma hakikumwingia. Kilichomuua ni sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Somo la kuandika mhusika liko hapo wazi: kinga kubwa inakuwa hadithi pale inapokuwa na tundu, na anayelijua tundu ni mtu wa nyumbani. Mwandikie msimulizi wako sentensi moja, nani anajua tundu la mhusika wako.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi ambao sisi mezani hatuuchezei. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, huko Kilwa, na watu waliingia vitani wakiamini maji yatageuza risasi. Hao ni babu za watu tunaokaa nao. Mwenzetu mmoja alitaka mhusika mwenye dawa hiyo kama kichekesho, tukamwambia achague kingine, akachagua bila ugomvi.

Sijali ni binti wa mhunzi. Mpini wa upanga wake ni mpingo, umechongwa na mchongaji wa Kimakonde sura za watu waliobebana, ukoo mzima. Tulipofika kwenye kiapo cha silaha hakuna aliyeuliza kwa nini upanga unakuja akiuita.

Kuhesabu nafasi mezani

Usiandike nafasi kwa penseli na kufuta. Karatasi inatoboka na kumbukumbu inakudanganya kwa faida yako. Weka korosho mbele yako, moja kwa kila nafasi. Ukitamka, unakula moja. Kila mtu mezani anaona umebakiwa na ngapi, msimulizi hana haja ya kuuliza, na unajifunza ubahili haraka. Ziwe zilizobanguliwa na kukaangwa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, nasi tunashika karatasi na macho kwa mikono ileile.

Sheria yetu ni moja: korosho ikiliwa, tamko limetoka, hata kama hukutamka. Tuliiweka baada ya binamu yangu kucheza Sijali wakati mimi nina safari ya Masasi. Alikuwa na njaa. Alikula zote mbili kabla hawajafika langoni.